Kibaba, Foleni na Daftari: Umaskini wa Mtaa na Maduka ya Chakula Dar es Salaam

Mitaa ya watu wa kipato cha chini Dar es Salaam imekuwa na maduka ya chakula kwa wingi tangu mji ulipoanza kukua. Mkazi wa Manzese au Mbagala leo hana haja ya kutembea mbali kabla ya kukuta duka, genge na muuza chapati, wakati tajiri wa Masaki mara nyingi huwasha gari ili apate nyanya. Kwa hiyo maelezo yaliyozoeleka Uingereza na Marekani tangu miaka ya 1990, kwamba umaskini wa mtaa hujionyesha katika umbali wa kulifikia duka kubwa la vyakula, hayatoshi kuueleza mji huu. Hapa umaskini umejionyesha katika ukubwa wa kipimo kinachonunuliwa, katika bei ya kipimo hicho, katika deni linaloandikwa kwenye daftari, na mara kadhaa katika maamuzi ya serikali yaliyofunga maduka au kubadilisha nani anaruhusiwa kuuza nini.

Mji ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Wao ndio waliochora mpango wa kuugawa sehemu tatu, na Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaukamilisha. Kanuni ziliongelea aina ya majengo: nyumba za mtindo wa Ulaya zenye bustani upande wa mashariki karibu na bahari, majengo ya makazi na biashara katikati, na nyumba za udongo na makuti upande wa magharibi. Watu hawakuhangaika na lugha ya kanuni, wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini uliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, uliotakiwa kuwatenga wakazi wa pande hizo mbili kwa kisingizio cha afya. Ng'ambo ya uwanja huo kulikuwa na Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita, na jengo la soko lililojengwa na Wajerumani likaja kuwa soko kuu la Waafrika wa mji mzima.

Mpango huo ulidhani kwamba biashara itakaa Uhindini na wanunuzi wa Kariakoo watavuka uwanja kuifuata. Haikuwa hivyo. Wenye maduka wa Kihindi na Kiarabu waliwafuata wateja wao, wakapanga au kununua nyumba ndani ya Kariakoo, na chumba cha mbele kikageuzwa duka. Nyumba ya Kiswahili ilifaa sana kwa kazi hiyo: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uwanja nyuma, na baraza mbele ambapo mteja aliweza kukaa akisubiri kupimiwa. Kwenye baraza hiyohiyo wanawake waliuza maandazi, vitumbua na samaki wa kukaanga, biashara isiyohitaji fremu wala leseni ambayo mtu angekubali kuilipia. Waarabu wa Hadhramaut na Oman, waliojulikana mjini kama Washihiri na Wamanga, walikuwa na sifa ya kufungua alfajiri na kufunga usiku wa manane. Kwa mtu anayetoka bandarini saa mbili usiku na ujira wa siku mkononi, saa za duka zilikuwa na maana kubwa kuliko ukaribu wake.

Ujira huo wa siku ndio unaoeleza mambo mengi. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa bandari walikuwa vibarua: siku ya meli wanalipwa, siku isiyo na meli hawana kitu. Mtu wa namna hiyo hanunui gunia la mchele, hata kama gunia lina nafuu. Hununua kibaba, yaani robo ya pishi, na kesho akipata hununua kingine. Chumvi na majani ya chai yalifungwa katika visokoto vya karatasi, mafuta ya taa yakapimwa kwa chupa. Anayenunua kwa njia hii hulipa zaidi kwa kila ratili kuliko anayenunua kwa jumla, na tofauti hiyo ndiyo riziki ya mwenye duka. Ni rahisi kumlaumu muuzaji hapa, na wengi wamemlaumu, lakini kuvunja gunia kuwa vipimo vya senti chache ni kazi: kuna muda, kuna kumwagika, kuna panya, na kuna mteja aliyehama bila kulipa.

Huyo aliyehama bila kulipa alikuwa tatizo la kisheria pia. Sheria iliyotungwa katika miaka ya 1920 ilimzuia asiye Mwafrika kumdai Mwafrika mahakamani deni ambalo halikuidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwakinga wenyeji dhidi ya madeni. Mikopo midogo ya dukani iliendelea kama kawaida, kwa kuaminiana au kwa rehani ya nguo na vyombo. Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake ndiye aliyeumia, kwa sababu muuzaji wa jumla hakuwa na sababu ya kumkopesha shehena asiyoweza kuidai. Mmoja wa waliolalamika sana alikuwa Erica Fiah, Muganda mwenye duka Dar es Salaam, aliyeunda chama cha ustawi na biashara cha Waafrika mwaka 1934 na kuanzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937. Hoja yake ilikuwa ya wazi: mtaa wa Waafrika unakula kupitia mikono ya wengine, na faida ya umaskini wake inahamia kwingine.

Vita vya Pili vya Dunia viliipa hoja hiyo uzito ambao haukuwapo. Mchele wa Burma ulikatika baada ya Wajapani kuiteka nchi hiyo mwaka 1942, mvua zikawa mbaya katika sehemu nyingi za Tanganyika, na bei za nguo na vyakula zikapanda kuliko mishahara. Serikali ikaanzisha mgawo mjini, na mgawo huo ukafuata rangi. Mzungu alihesabiwa kuwa mla mkate na siagi, Mhindi mla wali na ngano, Mwafrika mla mahindi na mtama. Kwa mtu wa pwani aliyezaliwa na kulelewa kwa wali, kuambiwa na karani kwamba chakula cha kabila lake ni unga wa mahindi yalikuwa matusi, na malalamiko juu ya jambo hilo yalijaa katika barua na mikutano ya wakati huo. Mgawo ulipitia kwenye maduka yaliyoteuliwa, kila kaya na duka lake. Mwenye duka ambaye jana alikuwa akimbembeleza mteja sasa alikuwa na uwezo wa kumwambia imekwisha. Migomo ya wafanyakazi wa bandari ya 1943 na 1947 ilihusu mishahara, lakini mishahara yenyewe ilipimwa kwa bei ya unga.

Baada ya vita mji ulitanuka. Ilala ilijazwa, zikafuata Magomeni, Temeke na Kinondoni, mitaa iliyopimwa na serikali ikiwa na viwanja vya nyumba, barabara na nafasi za soko. J. A. K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa mji huo katika miaka ya 1956 na 1957, aliuelezea mji ambamo wengi waliishi kwa kubahatisha kati ya mshahara mmoja na mwingine. Mwanzo wa mwezi palikuwa na nyama na wali, mwisho wa mwezi palikuwa na deni. Maduka ya mitaani yaliendesha pengo hilo. Waliokuwa na kazi ya kudumu walikopeshwa kwa sababu siku yao ya malipo ilijulikana, na kibarua alikopeshwa kidogo au hakukopeshwa kabisa. Ndani ya mtaa mmoja maskini, basi, maskini zaidi ndiye aliyenunua kwa taslimu.

Uhuru ulikuja na ahadi ya kulivunja tatizo hili kwa ushirika. Mwaka 1962 iliundwa COSATA, jumuiya ya ushirika ya ugavi, kwa msaada wa Waisraeli, ili ilete bidhaa kwa jumla na kuziuza katika maduka yake kwa bei nafuu. Haikudumu: ilikosa mameneja wenye uzoefu, na haikuweza kukopesha kwa senti moja moja kama duka la mtaani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hatua zikawa kubwa zaidi. Biashara ya jumla na ya nje iliwekwa chini ya shirika la umma la biashara, vinu vya unga vikataifishwa na kuwa Shirika la Taifa la Usagishaji, na katika miaka ya 1970 kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Bei za bidhaa muhimu zilipangwa na Tume ya Bei. Sembe ikauzwa kwa bei moja nchi nzima, yenye ruzuku, na kwa miaka kadhaa mpango huo uliwafaa maskini wa mjini kuliko wote waliowahi kuuona. Mji wa wali uliuzoea ugali wa sembe katika kipindi hiki, kwa sababu ya bei hiyo.

Kariakoo nayo ilijengwa upya. Soko jipya, lililochorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, lilikamilika katikati ya miaka ya 1970 likiwa na paa la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua, na ghorofa ya chini ya ardhi kwa ajili ya biashara ya jumla. Mboga na matunda ya mji mzima vilitakiwa kupita hapo kwanza. Kwa magenge ya Temeke au Ubungo maana yake ilikuwa safari ya alfajiri kwenda Kariakoo na nauli ya kurudi juu ya bei ya nyanya.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Iliamriwa kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe na nafasi zao zichukuliwe na maduka ya ushirika ya vijiji. Lengo hasa lilikuwa vijijini, ila hofu yake ilifika kila mahali. Duka la mtu binafsi lilikuwa na bidhaa mbalimbali kwa sababu mwenyewe alizitafuta. Duka la kijiji lilipokea kilichopatikana RTC, na kama RTC ilikuwa na viberiti na betri tu, kijiji kilikula viberiti na betri. Operesheni ilisitishwa kabla mwaka haujaisha. Wengi waliofunga, hasa Wahindi ambao tayari walikuwa wamenyang'anywa majengo yao mwaka 1971, hawakufungua tena.

Kilichofuata bado kinasimuliwa na kila aliyekuwa mtu mzima wakati huo. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani na ukosefu wa fedha za kigeni viliacha rafu tupu. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, sembe na khanga vikaitwa bidhaa adimu. Foleni ilianza kabla ya alfajiri, na mtu aliyekuwa na kazi nyingine aliweka jiwe au kikapu mahali pake akaenda zake, jiwe likaheshimiwa kama mwenye nalo, ingawa si mara zote. Wakati wa njaa kubwa unga ulioletwa kwa msaada ulitokana na mahindi ya njano, watu wakauita yanga, na wengi waliula kwa kununa. Wakazi waliandikishwa katika duka la ushirika la mtaa, na balozi wa nyumba kumi akawa ndiye anayejua kaya ina watu wangapi na inastahili kilo ngapi.

Katika kipindi hiki tu ndipo utajiri wa mtaa ulipokaribia kupoteza maana, na kilichochukua nafasi yake kilikuwa kujuana. Mfanyakazi wa kiwanda au wizara aliweza kupata sukari katika duka la kazini kwake. Mkazi wa Manzese asiye na ajira rasmi alibaki na duka la mtaa, na likiwa tupu, na mlanguzi. Bei ya serikali ilikuwa ndogo kwenye karatasi, bei ya magendo ilikuwa mara kadhaa yake, na maskini ndiye aliyelazimika kuilipa mara nyingi zaidi kwa kuwa hakuwa na mjomba ghalani. Aliyeweza alilima. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha kuwazoesha watu wa mjini kulima mihogo na mchicha mabondeni, na kufika miaka ya 1980 hata watumishi wakubwa wa Oysterbay walikuwa na mabanda ya kuku na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba zao.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zilikamatwa na kuuzwa kwa wananchi, nyingine zikakutwa zimetupwa usiku, na kwa siku chache maduka yalijaa. Watu wengi wa hali ya chini walimpenda Sokoine kwa jambo hilo na wanamkumbuka hivyo hadi leo. Tatizo ni kwamba bidhaa zilizokamatwa zilikuwa ndizo zilizokuwapo, na zilipokwisha hapakuwa na nyingine nyuma yake. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka huohuo iliwaandama pia wauzaji wadogo wasio na vibali, wakaitwa wazururaji, wakasombwa kwenda kulima. Wauza karanga, samaki na vitumbua walikuwa miongoni mwao, na hao ndio waliokuwa wakiulisha mtaa wakati duka limefungwa.

Mageuzi yalianza mwaka 1984, pale serikali ilipowaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa walikozipata, na ruzuku ya sembe ikaondolewa. Yakaongezeka mwaka 1986 kwa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimpa jina la Mzee Ruksa. Vizuizi vya kusafirisha nafaka kutoka mkoa hadi mkoa vililegezwa hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Iringa, Mbeya na Dodoma wakaanza kushusha mahindi, maharage na mchele Tandale, mtaa wa kipato cha chini uliogeuka kuwa soko kuu la nafaka la mji bila mpango wa mtu yeyote. Vinu vidogo vya kukoboa na kusaga vikazuka pembeni, Manzese hasa, na sembe ya mtaani ikaishinda ya shirika. Mabibo ikajulikana kwa ndizi, Buguruni na Temeke kwa mboga na matunda. Chakula sasa kilikuwapo. Kilichokuwa adimu ni fedha, maana mishahara ilikuwa imeliwa na kupanda kwa bei. Aili Mari Tripp, aliyechunguza maisha ya mji huo mwishoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba mshahara ulichangia sehemu ndogo tu ya pato la kaya, na iliyobaki ilitoka katika miradi: maandazi, ufugaji wa kuku, kushona, genge.

Fremu za maduka ziliongezeka kwa kasi hiyohiyo. Mwenye duka wa kawaida aliyekuwa Mhindi au Mwarabu nafasi yake ikachukuliwa na Mchaga, hata neno Mangi, jina la watawala wa Kilimanjaro, likawa njia ya kumwita muuzaji yeyote aliyejificha nyuma ya nondo za dirisha la duka. Kwa Mangi mtu hununua sukari robo, mafuta ya kupima yanayomiminwa katika kikombe kidogo au kifuko cha nailoni, kiberiti kimoja, vitunguu viwili, sigara moja. Kwenye genge nyanya huuzwa kwa fungu, na bei ya fungu haibadiliki haraka; linalobadilika ni idadi ya nyanya. Mama ntilie huuza sahani ya wali maharage kwa mtu ambaye kununua mkaa, mafuta na mchele kwa pamoja kungemgharimu zaidi ya sahani yenyewe. Daftari lipo bado. Mteja wa muda mrefu huandikiwa, mgeni hukuta ubao unaosema mkopo ni kesho.

Maduka makubwa ya kigeni yalikuja katika hali hiyo. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia mwanzoni mwa karne hii, jengo la maduka la Mlimani City likafunguliwa mwaka 2006, na Nakumatt na Uchumi zikatoka Kenya. Wachambuzi walitabiri kwamba mapinduzi ya rafu yatawafuta wenye maduka madogo kama yalivyofanya katika nchi nyingine. Mwaka 2014 Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt na kuondoka. Uchumi ilifunga mwaka 2015, na Nakumatt nayo ikaanguka miaka michache baadaye. Sababu zilikuwa nyingi, baadhi zikiwa za madeni na uendeshaji makwao Nairobi. Hata hivyo kuna sababu ya wazi ya hapa nyumbani: maduka hayo hayakuwa na bei ya kuishinda Tandale. Marc Wegerif, aliyefuatilia njia za mayai, mchele na mboga za mji huu, alikuta kwamba vyakula vya kila siku vilikuwa ghali zaidi katika maduka makubwa, na kwamba wauza mayai wa baiskeli, magenge na maduka ya mitaani yaliufikia kila uchochoro kwa mtaji mdogo na kwa kushirikiana. Tajiri wa Masaki aliendelea kununua jibini na mvinyo katika duka kubwa, na msaidizi wake wa ndani akatumwa gengeni kwa nyanya.

Unafuu huo una mipaka yake. Sensa ya mwaka 1967 iliuhesabu mji kuwa na watu wapatao 273,000, ya 2012 milioni 4.36, na ya 2022 milioni 5.38, na ongezeko kubwa limekwenda pembezoni: Chanika, Kivule, Mbagala hadi mpakani mwa Mkuranga. Kule duka hufika kabla ya maji na lami, mara nyingi likiwa ndani ya nyumba ambayo bado haijapigwa plasta. Lakini gunia la mchele limeshashuka Tandale, likapandishwa daladala au bajaji, likabadilisha mikono mara mbili, na robo ya huko haiwezi kuwa na bei ya robo ya Manzese. Wakati wa masika, barabara za Kivule zikijaa maji, mboga hufika saa nne asubuhi zikiwa zimenyauka. Aliyehamia huko alifuata kiwanja cha bei nafuu, na sehemu ya nafuu hiyo anairudisha kila siku kwa Mangi.

Serikali nayo haijaacha kuyagusa maduka, na mwaka 2021 hatua yake ilikuja juu ya balaa la moto. Moto ulioteketeza soko la Kariakoo Julai 2021 uliwatawanya wauzaji wake kwenye masoko mengine, na mwishoni mwa mwaka huohuo machinga, ambao miaka michache nyuma walikuwa wamepewa vitambulisho vya shilingi 20,000 na kuachwa wauze popote, waliondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Wauza ndizi, mihogo na mboga waliokaa kwenye vituo vya daladala walikuwamo katika kundi hilo. Baadhi ya maeneo mapya yalikuwa mbali na njia za wapita njia, na wengi wao walirudi mmoja mmoja jioni, saa ambazo mgambo wameshafunga kazi na abiria wanashuka wakitafuta mboga ya usiku.